Chuchu ya Chupa kwa Mtoto Aliyezaliwa Kabla ya Miezi Kutimia

"Tanua tundu kidogo, mtoto hana nguvu."

Haya husemwa na nyanya mwenye nia njema, aliyekuja kumtazama mjukuu hospitalini Malindi, na dawa yake ni kutoboa chuchu ya chupa kwa sindano iliyopashwa moto. Mtoto anachoka upesi, basi maziwa yashuke yenyewe.

Kumbe ndivyo anavyopaliwa. Kila anapomeza, pumzi husimama kidogo. Aliyetimiza miezi huweza kupanga kunyonya, kumeza na kupumua. Njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, huanza kuumudu mpango huo karibu wiki ya 32 hadi 34 kwa hesabu ya umri wa mimba, na hata hapo bado anababaika. Tundu likimwaga, inambidi ameze mfululizo. Pumzi anaikosa, oksijeni inashuka, mapigo ya moyo yanapungua, na maziwa yanaweza kuingia mapafuni. Chupa ikikauka kwa dakika chache watu hushangilia. Mimi ningeingiwa na wasiwasi.

Mtazame usoni, si kwenye chupa. Maziwa yanamtoka pembeni mwa mdomo, nyusi zinapanda, vidole vinatanuka: maziwa yanamzidi kasi. Midomo ikigeuka buluu au pumzi ikikatika, toa chuchu na umwite sista mara moja. Ndiyo maana chuchu ya kuanzia ni ile inayotoa polepole. Wauguzi wengi pia humlaza ubavu, kichwa juu kidogo, na baada ya mafunda machache huishusha chupa ili avute pumzi.

"Pakiti imeandikwa ya mtoto mchanga, basi inamfaa."

Kila kampuni ina kipimo chake. Chuchu mbili zenye maandishi yaleyale zinaweza kupitisha maziwa kwa kasi tofauti kabisa, na muuzaji wa kemisti hawezi kujua kwa kusoma pakiti. Tena chuchu ya mpira huchakaa kwa kuchemshwa. Ikilegea au kunata, itupwe.

"Tia uji mwepesi, ashibe alale."

Hapana. Utumbo wake haujakomaa, na uji ukiziba chuchu, sindano ile itarudi.

"Asiyeweza ziwa lazima apewe chupa."

Hapa ndipo wengi hushangaa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kikombe au kijiko kwa mtoto mwenye uzito mdogo anayeweza kumeza lakini bado hawezi kunyonya, na asiyeweza hata hilo hupitishiwa maziwa kwa mpira wa puani. Kikombe kidogo, kama kile cha kahawa, chatosha: ukingo uguse mdomo wa chini, maziwa yafike tu, naye ayarambe mwenyewe. Usimmiminie. Mengine yatamwagika, hiyo ni kawaida, ila kikombe huoshwa kirahisi kuliko chuchu yenye pembe za kujificha uchafu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 nayo imekataza kutangaza chupa na chuchu kwa umma.

"Ametoka arubaini, apandishwe namba."

Namba ya chuchu huenda na kasi ya maziwa, na umri ulio kwenye pakiti haumhesabii miezi aliyokosa tumboni. Akiruhusiwa kwenda nyumbani na chupa, uliza chuchu aliyotumia wadini na ununue hiyohiyo. Namba hubadilishwa pale anapokazana kunyonya kwa muda mrefu bila kupata kitu ilhali pumzi yake imetulia, na baada ya sista au daktari kumwona akinyonya.