Upekuzi kabla ya ajira: mwombaji kazi ana haki gani juu ya taarifa zake?

Usaili umeisha vizuri. Umepigiwa simu na kuambiwa nafasi ni yako, zimebaki "taratibu za mwisho" tu. Kesho yake unaletewa fomu ndefu: majina yote uliyowahi kutumia, anwani zote ulizoishi kwa miaka kumi, namba za vitambulisho, wasimamizi wako wa zamani, akaunti zako za mitandao ya kijamii. Ukurasa wa mwisho una nafasi ya sahihi, na juu yake sentensi inayosema unaruhusu "uchunguzi wowote utakaohitajika". Unatia sahihi. Wiki tatu zinapita kimya. Kisha unaingia ujumbe wa mistari miwili: tunasikitika, nafasi amepewa mwombaji mwingine.

Hasira ya waombaji kazi wengi huanzia kwenye ukimya huo. Si wengi wanaopinga kuchunguzwa. Wanachotaka kujua ni kitu gani kilionekana, nani alikiona, na kwa nini hawakuitwa kusema lolote kabla mlango haujafungwa. Sisi tunaofanya kazi ya kulinda taarifa binafsi tunaamini swali hilo ni la haki kabisa, na nimeandika makala hii ili anayeliuliza ajue amuulize nani, wakati gani na kwa maneno yapi.

Mwajiri naye ana sababu zake. Vyeti bandia vipo, tena vinauzwa kwa wingi: mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua jinsi kampuni ya Axact ya Pakistani ilivyokuwa ikiuza shahada za vyuo visivyokuwepo kwa wateja wa nchi mbalimbali. Anayeajiri muuguzi ana wajibu wa kuhakikisha leseni yake ni halali. Anayeajiri mlezi wa watoto angefanya uzembe mkubwa asipouliza kama mtu huyo amewahi kuhukumiwa kwa kudhuru mtoto. Maswali haya yana mzizi kwenye kazi yenyewe, na mwombaji mwaminifu huyajibu bila kinyongo.

Tatizo huanza swali likikosa mzizi huo. Dereva anaulizwa habari za madeni yake. Mhudumu wa mapokezi anaulizwa kama ana mpango wa kuzaa. Mhasibu anatakiwa atoe nywila ya akaunti yake ya mtandao wa kijamii, na hapo hata marafiki waliomwandikia mambo yao ya siri wanapekuliwa pamoja naye ingawa hawakuomba kazi yoyote. Jimbo la Maryland nchini Marekani lilipiga marufuku kudai nywila za namna hiyo mwaka 2012, na majimbo mengine mengi yakafuata. Mtaka cha mvunguni huinama, hilo tunalijua sote. Lakini hakuna aliyesema avuliwe nguo.

Suala la madeni linaniumiza zaidi. Mtu amepoteza kazi, miezi inapita, mkopo unachelewa kulipwa, na kumbukumbu yake ya mikopo inachafuka. Anapata nafasi ya kazi ambayo ingemwezesha kulipa deni hilo, kisha ananyimwa kwa sababu ya deni hilohilo. Majimbo kadhaa ya Marekani, yakiwemo Illinois na California, yameweka mipaka: mwajiri hawezi kutumia historia ya mikopo ila kwa kazi fulani fulani, kwa mfano zile za kusimamia fedha nyingi. Kwangu mimi huo ni mpaka wa busara, na mwajiri hana haja ya kusubiri sheria imlazimishe kuufuata.

Anapochukuliwa kuwa mtu mwingine

Watu wengi hudhani upekuzi ni mpelelezi makini anayefuatilia maisha yao hatua kwa hatua. Mara nyingi sivyo. Mwajiri huilipa kampuni ya upekuzi, na kampuni hiyo huingiza jina lako kwenye hifadhidata zilizokusanywa kutoka mahakamani, kwenye taasisi za mikopo na kwenye orodha za serikali. Mfumo unatafuta jina linalolingana, na ukilipata unaliweka kwenye ripoti. Kama mfumo umelegezwa kiasi cha kuridhika na jina la kwanza na la ukoo tu, makosa ya mtu usiyemjua yanaandikwa chini ya jina lako.

Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi dhidi ya TransUnion, kampuni inayouza taarifa za mikopo. Kampuni hiyo ilikuwa ikilinganisha majina ya watu na orodha ya serikali ya washukiwa wa ugaidi na biashara ya dawa za kulevya, ikitazama jina la kwanza na la mwisho peke yake. Kundi la walalamikaji lilikuwa na watu 8,185 waliowekewa kwenye mafaili yao alama ya kwamba majina yao yanafanana na yaliyomo kwenye orodha hiyo. Kati yao, 1,853 ripoti zao zilikuwa zimeshatumwa kwa wafanyabiashara, na mahakama ilisema ni hao tu wenye haki ya kudai fidia kwa kosa hilo la kutochunga usahihi. Waliobaki, ambao uongo juu yao ulikuwa bado umelala ndani ya kompyuta, waliambiwa hawajadhurika kiasi cha kusikilizwa. Kesi ile ilihusu mambo ya mikopo, lakini namna ya kulinganisha majina ni ileile inayomfikia mwombaji kazi. Mwezi Novemba mwaka huohuo, mamlaka ya Marekani inayolinda watumiaji wa huduma za fedha ilitoa msimamo, ulioondolewa mwaka 2025, kwamba kulinganisha majina peke yake si njia ya kuridhisha ya kupata ripoti sahihi.

Mwenye jina la kawaida yuko hatarini zaidi. Fikiria jina Mohamed, linavyoandikwa pia Muhammad, Mohammed na Mohamad. Kitambulisho kina tahajia moja, cheti cha shule kina nyingine, na barua ya mwajiri wa zamani ina ya tatu. Mfumo unaweza kukukosa kabisa ukaonekana hujasoma, au ukakubandika kwa mwingine mwenye kesi. Mwanamke aliyebadili jina baada ya ndoa anakutana na shida hiyohiyo: chuo kinajibu kwamba hakina mhitimu wa jina hilo, na mtu wa rasilimali watu anaandika "cheti hakikuthibitishwa". Kwa anayesoma haraka, maneno hayo yana sura ya kosa la jinai.

Kisha kuna kumbukumbu zisizokamilika. Kukamatwa na polisi huandikwa siku hiyohiyo, lakini habari ya kuachiwa huru huenda isifuate kamwe. Ripoti ya Mwanasheria Mkuu wa Marekani ya mwaka 2006 ilikiri kwamba ni takriban nusu tu ya kumbukumbu za kukamatwa kwenye mfumo wa kitaifa unaosimamiwa na FBI zilizokuwa na matokeo ya mwisho ya kesi. Ndiyo maana kila mtu aliyewahi kufikishwa mahakamani akaachiwa anapaswa kuwa na nakala ya hukumu hiyo nyumbani, hata kama jambo lenyewe ni la miaka mingi.

Sahihi ya mtu mwenye shida

Mwajiri akilalamikiwa, jibu lake la kwanza huwa: "Mbona alitia sahihi mwenyewe?" Alitia, ndiyo. Lakini ridhaa ya mtu anayehitaji kazi, mbele ya aliyeishika kazi hiyo mkononi, ina walakini. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inalitambua hilo: pale ambapo nguvu za pande mbili hazilingani kabisa, ridhaa haitoshi kuwa msingi wa kuchakata taarifa za mtu. Kwa hiyo mzigo unahamia kwa mwajiri. Yeye ndiye anayepaswa kueleza kwa nini anaitaka kila taarifa, kuchukua zile zinazohitajika tu, na kusema atakaa nazo kwa muda gani. Sahihi ya mwombaji haimwondolei wajibu huo.

Marekani ilipita njia nyingine, na kwa upande wa utaratibu imeeleza mambo kinaganaga. Sheria yake ya ripoti za mikopo ya mwaka 1970 inahusu pia ripoti za upekuzi wa ajira zinazotengenezwa na kampuni za nje. Mwajiri lazima akujulishe kwa waraka wa peke yake, usiofichwa katikati ya fomu ya maombi, na apate kibali chako cha maandishi. Akitaka kukunyima kazi kwa sababu ya ripoti hiyo, lazima kwanza akupe nakala yake pamoja na maelezo ya haki zako, ili upate muda wa kusema "huyu siye mimi". Ukipinga kitu kilichoandikwa, kampuni ya upekuzi kwa kawaida ina siku 30 za kukichunguza. Hatua hiyo ya kuonyeshwa ripoti kabla ya uamuzi ningependa iwepo kila mahali pa kazi duniani, kwa sababu ingezima sehemu kubwa ya malalamiko haya kabla hayajazaliwa.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, Kenya na Uganda zina sheria za ulinzi wa data tangu 2019, na ya Tanzania ilitungwa 2022 ikaanza kutumika 1 Mei 2023. Zote zinampa mtu haki ya kuuliza taarifa zake anazo nani na kudai zisahihishwe zikiwa na makosa. Neno "mwombaji kazi" si lazima liwemo: wewe ni mtu ambaye taarifa zake zinachakatwa, na hilo linatosha.

Kuhusu makosa ya zamani, nchi nyingi zimekubali kwamba adhabu lazima iwe na mwisho. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1974 inayofanya hukumu nyingi zihesabiwe zimekwisha baada ya muda fulani, isipokuwa kwa kazi nyeti kama za kuhudumia watoto. Jimbo la Hawaii nchini Marekani, mwaka 1998, lilizuia mwajiri kuuliza habari za hukumu hadi awe ameshatoa ahadi ya kazi kwa masharti. Mwombaji anapimwa kwanza kwa uwezo wake, na swali gumu linakuja baadaye, akiwa ameshajulikana ni nani.

Nimtaje pia adui mkubwa kuliko makosa yote ya kompyuta, yaani usiri. Mwaka 2009 wakaguzi wa Kamishna wa Habari wa Uingereza, anayesimamia ulinzi wa taarifa binafsi nchini humo, waliingia kwenye ofisi ya chombo kilichoitwa Consulting Association wakakuta mafaili ya watu 3,213 wa sekta ya ujenzi. Kampuni zaidi ya 40 zilikuwa zikilipia kuuliza majina humo. Ndani kulikuwa na habari kama vile fulani ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, fulani alilalamikia usalama wa eneo la kazi. Watu walikaa miaka bila kupata kibarua na hawakujua sababu. Orodha za namna hiyo zikapigwa marufuku mwaka 2010, na mwaka 2016 kampuni kubwa kadhaa zikaomba radhi na kulipa fidia kwa mamia ya waathirika. Mafundi na vibarua wale wasingeweza kamwe kukanusha jambo ambalo hawakujua limeandikwa.

La kufanya

Kabla hujajaza chochote, hakikisha anayekuomba taarifa ni mwajiri kweli. Matapeli wanajua kwamba mtafuta kazi hutuma nakala ya kitambulisho bila kusita. Piga simu kwenye namba uliyoitafuta mwenyewe, usitumie ile iliyo kwenye ujumbe. Hakuna upekuzi halali unaohitaji namba yako ya siri ya benki.

Ukishajiridhisha, soma fomu yote na upige picha kila ukurasa kabla ya kuirudisha. Ukiona swali lisilo na uhusiano na kazi, uliza kwa adabu na kwa maandishi: "Naomba kufahamishwa taarifa hii inahitajika kwa ajili ya nini, nani ataiona, na itahifadhiwa kwa muda gani." Sentensi hiyo haina ukali wowote, na mwajiri makini ana jibu lake tayari. Kama jina lako lina tahajia zaidi ya moja, au tarehe za kazi kwenye wasifu wako ulizikadiria, lieleze hilo mapema. Tofauti uliyoitaja mwenyewe husomwa kama maelezo. Ikigunduliwa na mpekuzi husomwa kama udanganyifu. Wadhamini nao waombe ruhusa upya kila unapowataja, maana mdhamini aliyeshtukizwa hujibu kwa kusitasita, na kusitasita kwake kutahesabiwa dhidi yako.

Ukinyimwa kazi, usiandike "kwa nini mmenikataa", kwa sababu swali hilo ni rahisi kulikwepa. Andika: "Naomba nakala ya taarifa zote binafsi mlizonazo kunihusu, pamoja na ripoti ya upekuzi na jina la kampuni iliyoiandaa." Chini ya GDPR mwajiri ana mwezi mmoja wa kujibu, unaoweza kuongezwa ombi likiwa zito. Ripoti ikifika, anza na tarehe ya kuzaliwa na jina la kati, maana hapo ndipo watu wawili hugundulika kuwa wamechanganywa. Ukikuta kosa, mwandikie mwajiri na kampuni ya upekuzi pia, uambatanishe ushahidi. Ukimrekebisha mwajiri peke yake, kosa litabaki kwenye hifadhidata likusubiri kwenye usaili unaofuata. Wakikaa kimya au wakikataa, peleka malalamiko kwenye mamlaka ya ulinzi wa data ya nchi yako ukiwa na nakala za barua zote na tarehe zake.

Hata kama kazi uliikosa kwa sababu nyingine kabisa, taarifa zako bado ziko kwa watu usiofanya nao kazi: nakala ya kitambulisho, vyeti, barua za wadhamini, labda na majibu ya vipimo vya afya. Omba zifutwe. Wanaweza kusema sheria inawataka wakae nazo kwa muda fulani. Basi waulize muda huo unaisha lini. Jibu lao liweke pamoja na zile picha za fomu uliyotia sahihi, kwa sababu ndilo utakalolihitaji siku taarifa hizohizo zikijitokeza mahali pengine.