Ukiambiwa tiba ya fizi imethibitishwa, uliza ilipimwaje

Fizi zina tabia moja inayotusumbua sana sisi tunaofanya majaribio ya tiba: hupata nafuu hata pale ambapo dawa inayojaribiwa haijafanya lolote. Mtu akijua kwamba mwezi ujao atafunguliwa kinywa na kuchunguzwa, anaanza kupiga mswaki vizuri kuliko alivyowahi kupiga. Kwa hiyo hata kundi lililopewa maji ya kusukutua yasiyo na dawa ndani yake huonyesha damu kidogo na uvimbe kidogo. Mimi ni daktari wa meno niliyebobea katika magonjwa ya fizi, na wagonjwa huniletea matangazo ya jeli na dawa za kusukutua "zilizothibitishwa na utafiti". Swali langu la kwanza huwa moja: hao waliotumia walilinganishwa na nani?

Kwamba usafi peke yake una nguvu kiasi hicho tunalijua tangu 1965. Mtafiti wa fizi Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi zenye afya, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, waache kabisa kusafisha meno. Ukoga, yaani utando wa bakteria juu ya meno, ukajikusanya, na kati ya siku ya 10 na ya 21 wote wakawa na uvimbe wa fizi. Walipoanza kusafisha tena, uvimbe uliondoka ndani ya takriban wiki moja. Ni watu wachache, lakini jaribio hilo lina kitu ambacho tafiti nyingi kubwa hazina: chanzo kiliwekwa, ugonjwa ukaja, chanzo kikaondolewa, ugonjwa ukaenda.

Hiyo ni hatua ya kwanza tu ya ugonjwa, inayoishia kwenye nyama ya juu. Hatua inayong'oa meno ni periodontaitisi, pale nyuzi zinazolishika jino na mfupa unaolizunguka vinapoanza kuliwa. Mfupa huo haurudi kwa kupiga mswaki. Isitoshe, hauliki kwa kasi ileile kwa kila mtu. Löe tena, pamoja na wenzake, aliwafuatilia wafanyakazi wa kiume wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka kuanzia 1970 hadi 1985. Walikuwa 480 mwanzoni, hawakuwa na mazoea ya kusafisha meno wala huduma ya meno, na karibu wote walikuwa na ukoga, ugaga (ukoga uliokwisha kuwa mgumu) na fizi zilizovimba. Hata hivyo takriban asilimia 8 tu ndio ambao ugonjwa uliwaendea mbio, asilimia 81 uliwaendea taratibu, na asilimia 11 haukuvuka uvimbe wa fizi. Leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingekubali kuwatazama watu wakipoteza meno kwa miaka 15 bila kuwatibu, na ni haki isikubali. Lakini takwimu hizo zilitufundisha kwamba uchafu uleule huzaa hatima tofauti kutegemea kinga ya mwili, uvutaji wa sigara, kisukari na urithi. Jaribio linalowachanganya watu hawa wote kisha likatoa wastani mmoja linaweza kuficha kwamba tiba imewafaa sana wachache na haikuwa na maana kwa waliobaki.

Sasa kuhusu kupima kwenyewe, kwa sababu hapa ndipo tafiti nyingi huanguka. Tunatumia chuma chembamba chenye ncha butu na alama za milimita. Unakiteremsha taratibu kati ya ufizi na jino, kwa mkono mwepesi, mpaka kikatae. Ufizi mzima hukubali milimita 1 hadi 3. Ukifika 5 au 6, kuna mfuko, na ndani yake bakteria wamejificha mahali ambapo mswaki haufiki. Unapima sehemu 6 kwa kila jino, kisha unasubiri sekunde chache uone kama tone la damu litatokea. Meno 28 yanakupa vipimo 168 kwa kinywa kimoja. Ukibonyeza kwa nguvu zaidi kidogo, au ukiinamisha chuma, unasoma milimita 1 ya ziada. Na ufizi uliovimba humruhusu mpimaji kuzama zaidi; ukinywea baada ya tiba, kipimo kinapungua hata kama mfupa haukuongezeka hata chembe.

Ndiyo maana kabla ya kuanza utafiti tunampimisha mtafiti kinywa kilekile mara mbili, tuone kama anakubaliana na nafsi yake. Ndiyo maana pia anayepima hatakiwi kujua mgonjwa alipewa tiba gani. Na kuna mtego mwingine wa takwimu: ukichagua mifuko yenye kina kirefu tu uitibu, baadhi yake ilisomeka mirefu siku hiyo kwa bahati ya mkono. Siku ya pili itasomeka mifupi hata usipoigusa. Bila kundi la kulinganisha, bahati hiyo huandikwa kuwa uponyaji.

Pamoja na mitego yote hiyo, tiba ya msingi imesimama imara. Kusafisha jino chini ya ufizi, kuondoa ugaga na utando wa bakteria kwenye mzizi, kunafanya kazi. Mapitio yaliyochapishwa 2020, ya majaribio mengi, yalikuta kwamba baada ya miezi 6 hadi 8 mifuko ilikuwa imepungua kwa wastani wa milimita 1.7, na takriban robo tatu ya mifuko ilikuwa imefunga. Antibiotiki za kumeza, hasa amoksisilini pamoja na metronidazoli, huongeza nafuu kidogo, kwa wastani chini ya milimita moja. Kwa kijana ambaye mfupa wake unayeyuka haraka naona inafaa kuzifikiria. Kwa kila mgonjwa mwenye mfuko, hapana. Usugu wa dawa ni gharama inayolipwa na watu wengine.

Panaponiumiza kichwa zaidi ni madai kwamba kutibu fizi hutibu mwili mzima. Chukua kisukari. Mwaka 2013 jaribio la Marekani lenye watu 514 wenye kisukari aina ya 2 lilikuta kwamba kutibu fizi hakukushusha HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari kwa miezi mitatu hivi. Mwaka 2018 jaribio la Uingereza lenye watu 264 lilikuta kwamba tiba kali ya fizi iliishusha kwa pointi 0.6 za asilimia zaidi ya kundi la kulinganisha, baada ya miezi 12. Nani mkweli? Nadhani wote wawili. Katika lile la kwanza, wengi waliotibiwa walibaki na ukoga mwingi na fizi zinazotoa damu, yaani uvimbe wenyewe haukuondoka vya kutosha. Katika la pili tiba iliendelea, na waliohitaji upasuaji walifanyiwa. Huwezi kuuliza kama kuondoa ugonjwa kunashusha sukari ikiwa ugonjwa hukuuondoa.

Kwa wajawazito jibu lilikuwa la kukatisha tamaa zaidi. Wenye ugonjwa wa fizi huonekana kuzaa watoto njiti mara nyingi zaidi, lakini jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa 2006, lenye wanawake 823, lilikuta kuwatibu wakati wa ujauzito hakukupunguza uzazi wa mapema. Tiba ilikuwa salama na fizi zao zilipata nafuu, na kwangu hiyo inatosha kuwatibu. Haitoshi kuwaahidi kitu kingine.

Kuhusu kinachotokea miaka mingi baadaye, narudi mara kwa mara kwa Axelsson na Lindhe, watafiti wa magonjwa ya meno walioanza kazi yao Karlstad, Sweden, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watu waliosafishwa meno na kufundishwa usafi wa kinywa kwa ratiba ya kudumu walipoteza kwa wastani chini ya meno 2 katika miaka 30, na mengi ya hayo hayakupotea kwa sababu ya fizi. Kundi la kulinganisha lilifungwa baada ya miaka 6, kwa kuwa tofauti ilikuwa kubwa mno. Hivyo ushahidi wa kulinganisha ni wa miaka 6 ya mwanzo, na iliyobaki ni ufuatiliaji tu. Mimi nauamini, kwa sababu unaafikiana na kile Löe alichokiona kwa watu 12, na kwa sababu hiyo wagonjwa wangu waliokwisha poteza mfupa nawaita kila baada ya miezi 3 au 4, na wasio na mifuko nawapa nafasi ndefu zaidi.