“Irekodi Mpaka Iguse Nyekundu” na Kauli Nyingine Zinazoharibu Rekodi Zetu

Kuna kauli nimeisikia kwa wapiga video wa harusi, kwa walimu wa kaswida, kwa waandishi wa redio za jamii na kwa vijana wanaofungua studio zao za kwanza: rekodi lazima isogee hadi kwenye alama nyekundu ya mita ya sauti, vinginevyo itatoka na mvumo. Juzi imenifikia tena, safari hii pamoja na diski yenye usomaji wa maulidi uliopasuka tangu mwanzo hadi mwisho. Aliyeileta alikuwa na ombi moja tu: “Fundi, wewe isafishe kwenye kompyuta.”

Haisafishiki. Na kwa kuwa wasomaji wale hawawezi kukusanywa tena usiku mmoja, watu walewale kwa hali ileile, nimeona niliandike jambo hili kwa kirefu.

Dhana: sauti ikikaribia nyekundu ndiyo rekodi safi

Ushauri huu ulikuwa sahihi zamani. Enzi za tepu, bendi zilipokuwa zikirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, tepu yenyewe ilikuwa na mchakacho wake. Ukirekodi kwa sauti ndogo, ukija kuipandisha unapandisha na mchakacho. Kwa hiyo fundi alisukuma mshale mpaka sifuri, na mara nyingine aliuacha uvuke kidogo. Tepu ilivumilia. Ikilemewa hailemewi ghafla, vilele vya sauti huinama taratibu, na wapo waliopenda ladha ile. Mafundi wale wakafundisha vijana wao, vijana wakafundisha wengine. Mashine zikabadilika, ushauri ukabaki palepale.

Rekoda ya diski inafanya kazi nyingine kabisa. Inapima nguvu ya umeme unaotoka kwenye maikrofoni, kwa kawaida mara 48,000 kila sekunde, na kila kipimo inakiandika kama namba. Urefu wa namba hiyo huhesabiwa kwa biti. Kwenye biti 16 namba kubwa kuliko zote ni 32,767. Kwenye biti 24 ni 8,388,607. Sauti ikizidi hapo, mashine haina namba ya kuiandikia, hivyo inaandika ileile ya mwisho, tena na tena, mpaka sauti ishuke. Kilele cha wimbi kinakuwa bapa, na sikio linasikia mkwaruzo. Kilichokuwa juu ya hapo hakikufichwa ndani ya faili kikingoja fundi hodari wa kukifukua. Hakikuandikwa kabisa. Programu za kurekebisha zinachofanya ni kukisia umbo la kilele kwa kutazama mawimbi ya jirani. Kupasuka mara moja moja zinaweza kukuziba. Saa nzima iliyopasuka, hapana.

Kinachowachanganya wengi ni sifuri mbili. Miksa ina sifuri yake, na rekoda ina sifuri yake, na watu wanadhani ni moja. Sifuri ya miksa ni kiwango cha kawaida cha kazi, na juu yake bado kuna nafasi kubwa. Sifuri ya rekoda ndiyo dari, juu yake hakuna kitu. Kwa kawaida ya mashirika ya utangazaji ya Ulaya, sifuri ya kazi inakaa kwenye −18 ya rekoda, yaani desibeli 18 (kipimo cha ukubwa wa sauti) chini ya dari. Kwa kawaida ya Marekani inakaa kwenye −20. Sasa mtu anaunganisha miksa, anaona miksa imefika sifuri huku rekoda ikionyesha −20, anaamini rekoda “haipati sauti”, anaiongeza. Hapo ameshakula nafasi yote aliyowekewa kwa ajili ya vigelegele, makofi na mpigo wa ngoma.

Na mvumo? Kila biti moja inaongeza takriban desibeli 6 za nafasi kati ya mvumo wa mashine na dari. Biti 24 kwa hesabu zina desibeli 144, ingawa vifaa halisi, hata vizuri, hubaki kwenye 110 hadi 120. Ukiacha desibeli 12 wazi pale juu, kwa hesabu umepoteza biti mbili, umebaki na 22. CD inayokupendeza nyumbani ina 16. Ule mvumo unaouogopa unatoka kwenye feni za ukumbi, jenereta nje ya dirisha, maikrofoni iliyowekwa mbali na mdomo, au kebo mbovu. Vyote hivyo vinapanda pamoja na sauti ukiongeza geini, yaani kiasi cha kukuza sauti inayoingia, hivyo kusogea karibu na nyekundu hakuviondoi hata kimoja. Sogeza maikrofoni. Zima feni kama wenyeji wataridhia. Hizo ndizo dawa za mvumo.

Basi weka hivi. Mazungumzo ya kawaida yacheze karibu na −20, vilele vifike −12, kwa bahati mbaya −10. Kwa taarabu, kaswida au kwaya, wakati wa majaribio viache vilele kwenye −18, kwa sababu hakuna mwimbaji anayeimba kwenye majaribio kama atakavyoimba ukumbi ukishajaa. Nalisisitiza hili kuliko jambo lolote kwenye kazi hii: majaribio ni uongo wa heshima, usiyawekee geini kana kwamba ndiyo kazi yenyewe. Na kama mita yako ni ya mshale wa kizamani, kumbuka inachukua takriban milisekunde 300 kufika panapotakiwa. Kofi moja la ngoma limeshapita na kupasuka kabla mshale haujanyanyuka vizuri. Tumia mita ya vilele.

Kuna kesi nyingine inayoletwa sana: “Fundi, haijagusa nyekundu hata mara moja, lakini imepasuka.” Ni kweli, na sababu iko kabla ya mita. Umetoa sauti kwenye miksa ukaiingiza kwenye tundu la maikrofoni. Sauti ya miksa ina nguvu kuliko ya maikrofoni kwa desibeli 40, hata 60. Kikuza sauti cha mlangoni kimelemewa na kuipasua, halafu wewe ukashusha kiwango cha kurekodi hadi mita ikaonyesha −15 nzuri kabisa. Umerekodi kwa utulivu sauti ambayo tayari imeharibika. Hamisha swichi kutoka maikrofoni kwenda laini, kisha uvae hedifoni usikilize. Mita inakueleza ukubwa wa sauti tu, usafi wake utaujua kwa masikio.

Kuongeza sauti ni kazi ya baadaye, kwenye kuhariri. Hata kiwango cha matangazo cha Ulaya cha −23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), kilichotolewa mwaka 2010, kinahusu kipindi kilichokamilika. Hakina habari na maikrofoni uliyoishika mkononi.

Dhana: kati ya teki nyingi, yenye sauti kubwa ndiyo nzuri

Hii ni mtoto wa ile ya kwanza. Teki ni kila mara unaporekodi upya jambo lilelile. Mteja anafungua orodha ya mafaili, anacheza teki ya tatu, anacheza ya tano, anasema ya tano imejaa, ina uhai. Nikizisawazisha zote mbili ziwe na ukubwa mmoja, mara nyingi anabadili mawazo, kwa sababu sasa anasikia kuwa kwenye ya tano mwimbaji alikosa pumzi ubeti wa pili. Sikio la binadamu linapendelea sauti iliyo kubwa kidogo, na linafanya hivyo bila mwenyewe kujua. Usichague teki kabla hujazisawazisha. Na uamuzi uanze palepale kwenye kurekodi: rekoda nyingi za kitaalamu zina alama ya kuwekea teki nzuri. Iweke mara tu mwimbaji anapomaliza. Ukisema utakumbuka kesho, kesho utakuwa na mafaili arobaini yenye majina yanayofanana.

Dhana: faili la mwisho kwenye orodha ndilo la mwisho kurekodiwa

Inategemea orodha imepangwa kwa nini. Kila unapobonyeza kurekodi, mashine inafungua faili jipya na kuongeza namba, wala haifuti la zamani kama wengi wanavyohofu. Lakini ukibadilisha folda namba zinaweza kuanza upya, na betri ndogo ya saa ikifa tarehe zinarudi nyuma. Mafaili yaliyoandikwa mwaka 1980 kwenye kadi yako hayana maajabu. FAT, mfumo wa kupanga mafaili unaotumika kwenye kadi nyingi, unaanza kuhesabu tarehe 1 Januari 1980. Ukipanga kwa tarehe, kazi ya leo itakuwa juu kabisa, na utapeleka redioni mahojiano ya mwezi uliopita.

Nina tabia moja ninayowalazimisha wote ninaowafundisha, na wanaiona inachosha: kabla mgeni hajaanza, sema kwa sauti ndani ya maikrofoni tarehe, mahali, jina la anayerekodiwa na namba ya teki. Sekunde kumi. Saa ikifa, jina la faili likibadilika, kadi ikichanganyika na nyingine, sauti yako bado imo ndani ya faili ikisema hili ni nini. Pia usibadilishe majina ukiwa bado ndani ya kadi ya rekoda. Mashine nyingine zinatafuta mafaili kwa majina ziliyoyapa zenyewe, na hazitayaona tena. Nakili folda nzima kwenye kompyuta kwanza, kisha yaite utakavyo.

Dhana: rekodi ndefu ikikatwa vipande, kuna sehemu imepotea

Hapana. WAV, muundo wa faili la sauti wa mwaka 1991, unaandika ukubwa wa faili kwa namba isiyoweza kuvuka gigabaiti 4, na FAT32, aina mojawapo ya ule mfumo wa FAT, nayo ina kikomo hichohicho. Rekoda nyingi hukata kwenye 4, nyingine kwenye 2, zikaendelea na faili linalofuata. Kwa biti 24 na kilohezi 48 (vile vipimo 48,000 kwa sekunde), stereo inakula takriban gigabaiti 1 kwa saa, hivyo gigabaiti 4 ni kama saa nne. Ukirekodi traki nane, yaani njia nane za sauti kwa pamoja, ndani ya faili moja, kikomo kinafika baada ya saa moja na dakika mbili hivi. Unganisha vipande kwa mfuatano, mwisho wa kimoja uguse mwanzo wa kingine, bila kuacha pengo wala kufifisha. Kwenye mashine nzuri hutasikia mshono. Anayefungua kipande cha kwanza peke yake na kulalamika kwamba hotuba ya mgeni rasmi imemezwa, atazame folda tena.

Nyingine, kwa ufupi

Kilohezi 96 haziifanyi sauti ya mtu iwe safi maradufu. Kilohezi 48 tayari zinashika masafa hadi karibu kilohezi 24, na sikio zima la kijana linaishia karibu 20. Utapata faili lenye ukubwa mara mbili. Kwenye rekoda ya diski iitwayo Alesis HD24, traki 24 zilishuka zikawa 12 ukichagua 96. Kama unarekodi popo, au unataka kuja kupunguza mwendo wa sauti, sawa. Kwa khutba na mahojiano, 48 zinatosha.

Kugeuza MP3 kuwa WAV hakurudishi kilichoondolewa. Unapata faili kubwa lenye sauti ileile iliyopunguzwa. Naomba mniletee faili la kwanza, lile lililotoka kwenye rekoda, hata kama ni zito kulituma kwa simu. Msilipitishe WhatsApp kama ujumbe wa sauti.

Biti 32 za nukta inayoelea, yaani uandishi wa namba ambao dari yake iko juu sana, zilizoenea kwenye rekoda ndogo za uwanjani kuanzia mwaka 2019 na baadaye, ni msaada mkubwa, nami nazitumia. Lakini zinalinda pale mashine inapoandika namba. Maikrofoni iliyolemewa na spika iliyo mbele yake, au miksa iliyopasua sauti kabla ya kuituma, itarekodiwa ikiwa imepasuka, kwa uaminifu mkubwa.

Dhana: faili lenye baiti 0, au diski “tupu”, ndiyo basi tena

Umeme umekatika katikati ya kurekodi. Faili linaonekana lina baiti 0, au halifunguki. Mara nyingi sauti imo ndani ya diski. Kilichokosekana ni maelezo ya ukubwa, ambayo mashine nyingi huyakamilisha unapobonyeza kusimamisha. Rekoda kadhaa zinalitengeneza zenyewe zikiwashwa tena na diski ileile ikiwa ndani. Kufuta kwa makosa nako kwa kawaida kunaondoa jina kwenye orodha, na sauti hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kinachoiua ni mtu kuendelea kurekodi kwenye kadi hiyohiyo “ili kujaribu kama ni nzima”.

Na kuna diski ambazo kompyuta haizisomi kwa sababu tu rekoda imetumia mfumo wake yenyewe wa kupanga mafaili. Hiyo HD24 niliyoitaja ni mojawapo. Unaichomeka, Windows inasema diski haijafomatiwa, inakuuliza kama uifomati sasa. Bonyeza hapana. Chomoa diski, irudishe kwenye rekoda, utayakuta mafaili yote mahali pake, kisha uyatoe kwa njia iliyoelekezwa kwenye kitabu cha mashine. Kama tayari kuna jambo limeharibika, usibonyeze kitu kingine chochote. Zima mashine, chomoa kadi au diski, iandikie tarehe kwa kalamu, na umpelekee fundi jinsi ilivyo, pamoja na daftari la teki.