Shaka Yenye Masharti: Funzo la Theluji ya Kilimanjaro

Mkazi wa Moshi anayeuona Mlima Kilimanjaro ukiwa wazi asubuhi hana haja ya kubishania theluji yake, lakini katika karne ya 19 theluji hiyo ilibishaniwa London kwa miaka mingi. Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliuona weupe wa kileleni tarehe 11 Mei 1848, na mwenyeji aliyemwongoza akamweleza kuwa ile ni baridi. Taarifa yake ilipochapishwa mwaka uliofuata, mwanajiografia Mwingereza William Desborough Cooley aliikataa.

Kwa maoni yangu, mwanzoni Cooley alikuwa na haki ya kuuliza, kwa kuwa Rebmann aliutazama mlima kwa mbali na hakuupanda. Hiyo ndiyo shaka ya kitaaluma, yaani kutokubali wala kukataa jambo hadi ushahidi wake upimwe. Shaka ya namna hiyo ina sharti: mwenye nayo awe tayari kutaja ni ushahidi gani ungemridhisha, kisha aupokee ukija. Mwaka 1862 wasafiri Wajerumani Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda Kilimanjaro hadi zaidi ya mita 4,000 na kuangukiwa na theluji, lakini Cooley hakusadiki. Hapo shaka ilikuwa imekwisha, ukabaki ubishi mtupu, tena wa msomi ambaye angeweza kukumbuka kwamba Chimborazo, mlima wa Ekwado ulio karibu na ikweta, una theluji, na kwamba mwanasayansi Mjerumani Alexander von Humboldt alikuwa ameupanda tangu 1802.

Kipimo hicho kinafaa pia stendi ya mabasi, anapotokea muuzaji mwenye kipaza sauti akinadi dawa ya kisukari iliyotiwa kwenye chupa ya maji iliyobanduliwa lebo. Kumwita tapeli kabla ya kumsikiliza ni haraka, na kununua kwa sababu jirani alipata nafuu ni haraka vilevile (huenda jirani huyo anaendelea na vidonge vya hospitali kimyakimya). Muulize kama dawa imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ilijaribiwa kwa wagonjwa wangapi, na sukari yao ilikuwa kiasi gani kabla na baada ya kuitumia, ikilinganishwa na ya wenzao wasioitumia. Akileta majibu yanayoweza kuhakikiwa, mwenye shaka analazimika kulegeza msimamo, hata kama hakuipenda dawa hiyo tangu mwanzo. Asipoyaleta, suala linabaki wazi, na mgonjwa haachi dawa alizoandikiwa na daktari wala miadi yake ya kliniki.