Kujibu barua ya ukaguzi si kuweka pingamizi

Nimechoka kuona wafanyabiashara wakipoteza kesi ambazo wangeshinda. Imani inayowaponza ni hii: barua ya matokeo ya ukaguzi kutoka Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA) ilikuja, tukaijibu, kwa hiyo tumeshapinga. Hamjapinga chochote, kwa sababu hapakuwa bado na uamuzi wa kupingwa.

Msingi niupitie haraka. Ritani, yaani taarifa ya mapato na ushuru wako unayowasilisha kwenye iTax, mfumo wa mtandaoni wa KRA, ni makadirio yako mwenyewe. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 kinampa Kamishna wa KRA uwezo wa kuyarekebisha, kwa kawaida ndani ya miaka 5, na wakati wowote palipo na ulaghai, ukwepaji au uzembe uliokithiri. Risiti ya kupokelewa kwa ritani haimfungi mikono.

Kabla ya kuupandisha ushuru, KRA kwa kawaida hukuandikia: tumeona hiki, tunakusudia kudai kiasi hiki, jieleze. Kifungu cha 31 hakiisemi barua hiyo waziwazi. Nguvu yake inatoka Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010, pamoja na sheria ya 2015 ya haki katika maamuzi ya kiutawala, inayotaka upewe taarifa mapema na usikizwe kabla ya uamuzi unaoweza kukuumiza.

Chukua muuza vifaa vya ujenzi. Wakaguzi wamejumlisha pesa zote zilizoingia benki na kwenye till yake ya M-Pesa, wakalinganisha na mauzo ya kwenye ritani, tofauti wakaiita mauzo yaliyofichwa. Ndani ya tofauti hiyo mna mkopo wa sacco, zamu yake ya chama cha kuchangiana, na pesa alizozihamisha mwenyewe kutoka akaunti moja hadi nyingine, zikahesabiwa mara mbili. Jibu la barua hiyo ya kwanza ndilo mahali pa kuyaonyesha hayo mstari kwa mstari: barua ya sacco, daftari la chama, taarifa za akaunti zote mbili. "Hatukubaliani na matokeo yenu" haitoshi. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Taratibu za Ushuru kimemtwika mlipa ushuru mzigo wa kuthibitisha. Asipouonyesha mkopo, unabaki kuwa mauzo.

Afisa akikataa nusu ya maelezo, notisi ya makadirio inatolewa, na huo ndio uamuzi wenyewe wa KRA. Hapa ndipo ninapoudhika. Mteja anaitazama, anaona hoja zilezile, anasema hizi tulishazijibu, kisha anakaa. Siku 30 za kifungu cha 51 zinahesabiwa tangu ajulishwe uamuzi. Jibu lililotangulia uamuzi haliwi pingamizi, hata liwe refu na zuri kiasi gani. Pingamizi lina masharti yake: litaje sababu bayana, litaje marekebisho unayoyataka, liambatane na nyaraka, na ushuru usioubishia uwe umelipwa au umeomba muda wa kuulipa. Maelezo ya jibu lako la awali yarudie humo yote ukitaka, mradi yawe humo. Ukishaweka pingamizi halali, anayebanwa na tarehe ni Kamishna: ana siku 60 za kuamua, na zikipita kimya pingamizi linahesabiwa kuwa limekubaliwa. Aliyekaa amejinyima hata hilo.

Lipo swali nisilomhakikishia mteja yeyote: KRA ikiiruka barua ya kwanza, makadirio yanakufa? Naona yanapaswa kufa, hasa kiasi kinapokuwa cha kumfungisha mtu duka. Lakini upande wa pili una hoja nzito: pingamizi lenyewe ni nafasi ya kusikizwa, na sheria hiyohiyo ya haki katika maamuzi ya kiutawala inaruhusu utaratibu wa sheria nyingine ufuatwe ukilingana na Ibara ya 47. Kwa hiyo siitegemei hoja hiyo peke yake, si kwa Kamishna wala kwenye Jopo la Rufaa za Ushuru. Kukosekana kwa taarifa nakuandika kuwa sababu ya kwanza ya pingamizi, kisha chini yake nazipanga hesabu zote, mkopo, chama na uhamisho, kana kwamba sababu hiyo ya kwanza imeshakataliwa.