Mieleka ya kwenye TV: mshindi anapangwa, shingo haipangwi

Wiki iliyopita mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka kumi na miwili, shingo imekakamaa, kichwa hakigeuki kushoto. Alikuwa anabwagana na binamu yake juu ya godoro. "Nilikuwa nawaona, daktari, lakini si mieleka tu ile ya kwenye TV? Ile ya uongo, hawaumii." Katika kazi yangu ya fiziotherapia nimeshaisikia kauli hiyo mara nyingi mno.

"Ni maigizo, kwa hiyo hawaumii."

Maigizo ni kweli. Mshindi hupangwa mapema, na WWE yenyewe, kampuni kubwa ya Marekani inayoandaa mieleka hiyo, enzi zile ikiitwa WWF, ilikiri mwaka 1989 mbele ya maseneta wa jimbo la New Jersey kwamba ile ni burudani. Hilo la kutoumia ndilo linalonichosha. Chini ya turubai la ulingo kuna sponji nyembamba, chini ya sponji mbao, chini ya mbao vyuma. Mtu wa kilo mia na zaidi akitua pale, uzito wake unatua naye. Ndiyo maana wanafundishwa kuanguka kwa miezi: kidevu kifuani, mgongo wa juu upokee, mikono ipige chini bapa ili kishindo kisambae. Watoto wetu hutanguliza kiganja au kisogo, na hao ndio ninaowapokea.

Na hata fundi huumia. Agosti 3, 1997, mwanamieleka Owen Hart alimbeba mpinzani wake Steve Austin kichwa chini miguu juu, kisha akakaa naye chini. Kichwa kilipaswa kubaki juu, katikati ya mapaja ya Owen. Kilikuwa kimeteremka kupita kiasi, kikatangulia kugonga. Austin akalala pale, mikono na miguu haina nguvu. Mshindi alishapangwa kuwa yeye, basi akajikokota, akamviringisha Owen kwa namna ambayo hata mtoto angejinasua, akapewa mkanda wa ubingwa. Ilibidi afanyiwe upasuaji wa shingo, na mwaka 2003 akastaafu akiwa na miaka 38. Owen naye alifariki Mei 1999 huko Kansas City, alipoporomoka kutoka darini wakati akishushwa ulingoni kwa kamba. Mtangazaji Jim Ross ilibidi awaambie watazamaji majumbani kwamba hilo halikuwa sehemu ya onyesho.

Mzazi akishajua haya, sielewi anawezaje kukaa kochini akatazama mtoto wa darasa la sita akimning'iniza mwenzake kichwa chini.

"Ile damu ni rangi." Mara nyingi ilikuwa damu kweli. Mwanamieleka alijichana paji la uso kwa kipande cha wembe alichokificha.

"Undertaker alikufa akafufuka, na Kane ni mdogo wake." Undertaker ni jina la ulingoni la Mark Calaway, mzaliwa wa Houston, Texas. Kane ni Glenn Jacobs, si ndugu yake, na mwaka 2018 alichaguliwa kuwa meya wa Knox County, Tennessee.

"Si wanamichezo wa kweli." Kurt Angle alichukua dhahabu ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 akiwa na shingo iliyovunjika, ndipo baadaye akaingia WWE.

"Kampuni inawahudumia kwa kila kitu." WWE huwahesabu kama wakandarasi wa kujitegemea, si waajiriwa. Bima ya afya ya familia mtu anajitafutia mwenyewe.

Sasa nisikilizeni wazazi. Mtoto akiangukia kichwa au shingo, kisha akasema mikono inachonyota au imekufa ganzi, msimnyanyue, msimketishe, na tafadhali sana msimwite mkandaji. Mwacheni alale palepale, mmoja amshikilie kichwa kwa mikono miwili kisitikisike, mwingine atafute gari la wagonjwa. Yule kijana wa wiki iliyopita alikandwa siku mbili kabla ya kuletwa kwangu. Picha ya eksirei ilionyesha pingili ziko salama, lakini hilo hakuna aliyelijua wakati shingo yake inavutwa.