Kilo zenyewe hazipokei amri: kwa wakaazi wa Lubumbashi wanaotaka kupunguza uzito

Kila mwezi wa kwanza, na tena arusi zinapokaribia wakati wa kiangazi, chumba chetu cha lishe hujaa watu wenye ombi moja: "Muganga, nataka kutoa kilo 20." Tukiuliza kwa muda gani, wanasema miezi miwili. Tukiuliza kesho asubuhi watafanya nini, wananyamaza. Ninaandika kwa sababu ya ukimya huo. Nimewaona wengi wakirudi baada ya nusu mwaka, wazito kuliko walivyokuja, huku wakijilaumu kwamba hawana moyo. Moyo walikuwa nao. Walichokosa ni lengo linaloshikika.

Huwezi kuamka asubuhi na "kufanya" kilo 20. Unachoweza kufanya ni kutembea kutoka nyumbani Katuba hadi soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini kwetu, badala ya kupanda taksi, au kuacha chupa ya pili ya bia. Kilo ni matokeo ya mambo kama hayo, na hushuka kwa mwendo wake.

Marekani walilipima jambo hili vizuri. Mwaka 2002 yalitoka matokeo ya utafiti wa kuzuia kisukari uliohusisha watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Kundi moja lilipewa malengo mawili: kupunguza asilimia 7 ya uzito, na kufanya mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, dakika 150 kwa wiki. Baada ya wiki 24, waliofikia lengo la uzito walikuwa nusu. Waliofikia lengo la dakika walikuwa asilimia 74, yaani lengo la kitendo lilishikika kuliko lengo la kilo. Katika miaka karibu 3 ya kufuatiliwa, kundi hilo liliugua kisukari kwa asilimia 58 pungufu kuliko wale waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Angalia tena ile asilimia 7. Kwa mama wa kilo 90, ni kilo 6 na kidogo. Kwa mwendo wa nusu kilo kwa wiki, atahitaji miezi mitatu hivi, na akifika hapo mwili wake umeshafaidika, hata kama kioo hakijaonyesha tofauti kubwa.

Atakayekuambia kwamba alipoteza kilo 3 katika wiki ya kwanza hasemi uongo, lakini sehemu kubwa ni maji. Mwili huhifadhi wanga pamoja na maji, na ukipunguza chakula ghafla, akiba hiyo hutoka kwanza. Wiki ya tatu mizani inapogoma, wengi hukata tamaa hapo hapo. Ujue mapema kwamba itagoma.

Sasa tuje mezani, maana hapa ndipo malengo mengi ya vitabuni yanapotushinda. Vitabu vinasema: pima gramu za chakula chako. Sisi tunakula bukari (ugali) kwa mkono, mara nyingi watu wanne au sita kwenye sahani moja, na hakuna anayehesabu matonge bila kuonekana mchoyo. Ushauri wangu ni kutenga bukari yako kabla ya kuanza, kwenye sahani yako mwenyewe, ukubwa wa ngumi zako mbili. Majani kama sombe (ya muhogo), lengalenga au matembele yajaze nusu ya sahani. Waambie wa nyumbani sababu ili wasidhani umewasusa. Na lengo liandike hivi: "Jumatatu hadi Ijumaa, chakula cha jioni, bukari ya ngumi mbili." Ukiandika tu "nitapunguza bukari," jioni ikifika na njaa ikiuma, utajisamehe.

Mafuta nayo yanatazamwa kwa kijiko. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, yawe mawese au ya dukani, kina kalori 120 hivi, na sombe ya familia inaweza kumeza vijiko kumi. Anayepika ndiye mwenye ufunguo, kwa hiyo lengo la baba asiyeingia jikoni halina maana kama hajazungumza na mama wa nyumba. Wengine huniambia hawana pesa za kununua vyakula vya kupunguza uzito kwenye alimantasio (duka la vyakula), kama tufaha na shayiri za paketi. Hamvihitaji. Maharage na majani ya sokoni yanatosha kabisa.

Vinywaji ni rahisi zaidi kuvibadilisha, na ndiyo maana huwa napendekeza waanze navyo. Bia moja ya santilita 72 ina takriban kalori 300. Mtu wa kilo 80 atatembea kama saa nzima kuzimaliza. Soda, ile tunayoita sukre, ina sukari gramu 35 hivi katika santilita 33. Kama unakunywa bia tatu kila Jumamosi, lengo la kwanza liwe mbili. Sikuambii uache mara moja.

Kuhusu mwili kusogea, Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na siku mbili za kuimarisha misuli. Kwa mtu ambaye siku nzima ameketi dukani, 150 ni nyingi. Aanze na dakika 10 baada ya kazi, siku tano, kisha aongeze 5 kila wiki. Mji wetu ni tambarare, hilo ni baraka kwa magoti. Tembea kungali na mwanga wa kutosha, na mwenzako, kwenye avenyu mnazozijua. Na kwa kuwa mvua za kuanzia mwezi wa kumi na moja huharibu mipango ya wengi, andika tangu sasa: "Mvua ikinikuta, nitaketi kwenye kiti na kuinuka mara 10, nipumzike, nirudie mara tatu." Anayepanga kizuizi kabla hakijafika hahitaji kuamua upya huku akitazama matope.

Kuna kizuizi kingine ambacho hakimo vitabuni, nacho ni maneno ya watu. Mama akipungua kilo 5, jirani anauliza kama anaumwa, shemeji anauliza kama mume ameacha kumtunza. Nimeona wanawake wakiacha mazoezi kwa ajili hiyo tu, na wengine wakimeza vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa bila cheti. Baadhi ya vidonge hivyo ni dexamethasone, dawa kali ya jamii ya kortizoni: uso unajaa, lakini tansio (shinikizo la damu) na sukari hupanda. Inaniuma sana. Chagua mtu mmoja wa karibu, dada au rafiki wa kanisani, umweleze lengo lako na sababu yake, naye akujibie maneno hayo.

Jipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi kabla ya kula, kwenye mizani ile ile. Ukikosa mizani, azima utepe wa fundi cherehani. Pima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi. Kuanzia sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume, hatari ya kisukari na ya moyo imeanza kuongezeka. Mara nyingi kiuno hupungua wakati mizani imesimama.

Wapo ambao hawapaswi kuanza peke yao. Mjamzito asijiwekee lengo la kupunguza uzito. Anayekonda bila kutaka, hasa akiwa na kikohozi cha muda mrefu au kiu isiyoisha, aje apimwe. Na anayetumia insulini au vidonge vya kisukari, akipunguza bukari na kuanza kutembea siku moja, sukari inaweza kushuka hadi akaanguka. Huyo aje kwanza kituo cha afya, dawa zake zikiwa mkononi, tupange dozi pamoja kabla hajapunguza hata tonge moja. Waliomeza dexamethasone kwa miezi waje vilevile, na wasiikate ghafla.